Mzigo ukipotelea njiani nani analipa? Kuielewa kozi ya TIR unayojisomea mwenyewe

TIR ni mfumo wa kimataifa wa forodha unaoliwezesha lori lililofungwa kupita nchi kadhaa bila kulipia mzigo ushuru njiani, na wengi wanaoanza kozi yake ya kujisomea onlaini wanaishia moduli ya tatu hivi. Sio uvivu, ni kwamba kufikia hapo wameshapigwa na vocha nyeupe, vocha ya kijani, ofisi ya kuondokea, ofisi ya kupitia, chama cha dhamana, mwenye kitabu, cheti cha gari, na hakuna aliyewaambia mapema kwamba yote hayo yanajibu swali moja tu. Swali lenyewe ni hili: huu mzigo ukiingia nchi fulani kwa kusema "napita tu" afu usitokee upande wa pili, ushuru wake atalipa nani?

Ukilishika hilo swali, kozi nzima inageuka. Kila fomu, kila muhuri, kila kamba ya turubai ni jibu la hilo swali au ni ushahidi wa hilo jibu.

Fikiria upande wa afisa wa forodha kidogo. Lori limefika mpakani limebeba vitu vya thamani kubwa, dereva anasema mzigo sio wa hapa, unaenda nchi ya tatu huko mbele. Afisa hana kinyongo na lori, anachohofia ni kwamba likishaingia ndani likashusha kimyakimya kwenye godauni la mtu, bidhaa zitauzwa sokoni kwake bila kulipiwa chochote. Asipokuwa na mfumo ana njia tatu tu na zote ni za tabu: akudai uweke amana ya ushuru wote mpaka utoke, apekue mzigo wote wakati wa kuingia na kutoka, au akupe askari wa kukusindikiza. Sasa zidisha hiyo kwa nchi nne au tano za safari moja uone pesa na siku zinavyoyeyuka.

Ulaya baada ya vita vya pili vya dunia ndo ilikuwa hali yenyewe, biashara inataka kuamka na malori yanaganda mipakani. Mwaka 1949 nchi chache zikakubaliana mfumo wa majaribio, mwaka 1959 ukawa mkataba kamili, na ule tunaoutumia sasa ulipitishwa Geneva tarehe 14 Novemba 1975 ukaanza kufanya kazi 1978. TIR ni herufi za Kifaransa, Transports Internationaux Routiers, yani usafirishaji wa kimataifa wa barabara. Mkataba uko chini ya tume ya uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa ajili ya Ulaya, UNECE, ila jina lisikudanganye, waliojiunga ni zaidi ya 70 na wengi sio Ulaya kabisa, China imo, India imo, Pakistan imo. Vitabu vya TIR, yani hati zinazosafiri na lori, na mnyororo wa dhamana vinasimamiwa na IRU, umoja wa dunia wa wasafirishaji wa barabara, makao yake hapohapo Geneva. Historia inatosha hapo, kwenye kozi usikeshe nayo.

Kozi nyingi zitakwambia TIR ina nguzo tano: gari salama, dhamana ya kimataifa, kitabu cha TIR, nchi kukubali ukaguzi wa wenzao, na kudhibiti nani anaruhusiwa kuutumia mfumo. Watu wanazikariri kama shairi. Mi nashauri usikariri, zisome kama mlolongo wa sababu. Forodha wanataka uhakika mzigo hauguswi, kwa hiyo gari lifungike vizuri. Hata likifungika, uhakika kamili haupo, kwa hiyo awepo wa kulipa. Huyo wa kulipa lazima ajue analipia safari gani, kwa hiyo pawe na kitabu. Kwa kuwa gari limefungwa na mlipaji yupo, nchi ya pili haina haja ya kufungua tena kilichokaguliwa na ya kwanza. Na kwa kuwa kila mtu hapo anamwamini mwenzake, matapeli wachujwe mlangoni.

Kwenye gari hakuna falsafa. Sehemu ya mzigo itengenezwe hivi kwamba hakuna kitu kinachoweza kutolewa wala kuingizwa bila kuacha alama inayoonekana au kuvunja sili, yani kile kifungio cha forodha kinachoonyesha kama mlango umefunguliwa, sili iwe rahisi kufunga, pasiwe na sehemu za siri za kufichia, na kila sehemu inayoweza kubeba mzigo ifikike kukaguliwa. Basi. Ndo maana utaona somo zima kuhusu turubai, pete zake na kamba inayopita kwenye pete, kwamba iwe ya kipande kimoja na sio iliyoungwa katikati, mtu anaona kama uchokozi, lakini kamba yenye fundo ni kamba ambayo mtu anaweza kuifungua fundo akachukua katoni kumi akafunga tena, sili iko vilevile inang'aa. Gari likipita linapewa cheti cha kukubaliwa, kinadumu miaka miwili, na hapa kwizi zinapenda kukutega: cheti kikiisha muda lori halina sifa hata kama ni jipya kutoka kiwandani. Kuna na vibao vya bluu vyenye TIR kwa herufi nyeupe, kimoja mbele kimoja nyuma, vinavyotakiwa kufunikwa au kutolewa lori lisipokuwa kwenye safari ya TIR. Mizigo mizito au mikubwa isiyoingia kwenye boksi, mitambo na vitu kama hivyo, ina utaratibu wake, inaweza kwenda bila sili mradi itambulike kirahisi.

Sasa dhamana, na hapa punguza mwendo kabisa, maana ndo moyo wa kozi.

Watu wengi wanafikiri IRU inamlipa afisa wa forodha moja kwa moja, au kampuni ya lori inafuatwa mpaka kwao na nchi ya kigeni. Sivyo inavyoenda. Kila nchi iliyo kwenye mfumo ina chama chake cha wasafirishaji kilichoidhinishwa na forodha ya nchi hiyohiyo, na hicho chama ndo kimesaini kwamba mambo yakiharibika kwenye ardhi hii, nitalipa mimi. Uzuri wake ni kwamba forodha ya nchi A wakiwa na madai juu ya lori la nchi D, hawahangaiki na mahakama za nchi D, kwanza wanajaribu kadiri inavyowezekana kumdai yule anayehusika mwenyewe, wakishindwa wanagonga mlango wa chama cha kwao, mtaani kwao, kwa lugha yao. Chama kinalipa, afu hesabu inarudi nyuma kwenye mnyororo, inapita IRU na kampuni za bima, mpaka kwa aliyetumia kitabu. Kwa hiyo afisa anaposhika kile kitabu anaona mtu wa nchini kwake aliyekubali kulipa. Ndo kinachomfanya aachie geti bila kudai amana.

Dhamana ina kikomo. Kwa Umoja wa Ulaya kikomo ni euro 100,000 kwa kitabu kimoja. Ukielewa hilo unaelewa pia kwa nini kwenye mizigo yenye kodi kubwa, sigara na pombe hasa, forodha wanakuwa wakali.

Muda nao upo. Forodha wakiona safari haijafungwa vizuri wana mwaka mmoja tangu walipokipokea kitabu kukijulisha chama, na kama uthibitisho wa kumaliza ulighushiwa au ulipatikana kwa hila wana miaka miwili. Wakichelewa hapo, hawana tena dai kwa chama. Chama kisingeweza kukaa na deni linaloning'inia juu ya kichwa chake milele.

Tuje kwenye kitabu, maana hapa ndo watu wanapotea. Kitabu kimoja ni cha lori moja, au lori na trela lake, kwa safari moja. Ndani kuna vocha zinazokwenda jozi jozi, nyeupe namba 1 na kijani namba 2, na kanuni ni fupi: kila eneo la forodha linakula jozi moja. Nyeupe inachanwa safari inapoanza kwenye hilo eneo, kijani inachanwa inapoishia, na kila inapochanwa kinabaki kipande kimegongwa muhuri ndani ya kitabu. Vile vipande vilivyobaki ndo ulinzi wa msafirishaji, wala usivichukulie kama karatasi za takataka.

Chukua safari kutoka Istanbul kwenda Almaty. Ofisi ya Istanbul inakagua mzigo na manifesti, yani orodha ya mzigo, inafunga sili, inaandika muda wa kufika mpakani, inachana nyeupe. Mpakani Sarp upande wa Uturuki wanaangalia sili, wanachana kijani. Mita chache mbele Georgia wanachana nyeupe yao, na lori likifika mpaka wa Azerbaijan wanachana kijani. Azerbaijan vilevile, nyeupe wakati wa kuingia, kijani bandarini Alat. Lori linapanda feri kuvuka bahari ya Kaspi, linashukia upande wa Kazakhstan, nyeupe, na Almaty kijani ya mwisho. Nchi nne, vocha nane. Vitabu vinatoka na vocha 4, 6, 14 au 20, kwa hiyo hapo unahitaji cha 14, cha 6 kitakuachia katikati ya safari bila karatasi. Na hilo la feri ni zuri kulishika, mkataba hausemi safari yote iwe ya barabara, unasema angalau kipande kimoja kiwe cha barabara, kwa hiyo lori au kontena likipanda meli au treni katikati bado uko ndani ya TIR.

Mtu anauliza, sasa lori likipita nchi sita za Umoja wa Ulaya linakula jozi sita? Hapana, Umoja wa Ulaya ni eneo moja la forodha, jozi moja inatosha. Hesabu maeneo ya forodha, sio bendera. Nililikosa hili swali mara mbili kwenye kwizi kabla halijaniingia.

Na kuna maneno mawili ambayo kozi huyapitia kwa sentensi moja wakati yalitakiwa yawe na siku nzima: usafirishaji wa TIR na operesheni ya TIR. Usafirishaji ni safari yote Istanbul mpaka Almaty. Operesheni ni kile kipande cha ndani ya nchi moja. Kwa hiyo mfano wetu ni usafirishaji mmoja wenye operesheni nne. Dai la ushuru siku zote linahusu operesheni, yani Georgia inadai kilichotokea Georgia, haiwezi kudai kwa sababu mambo yaliharibika Kazakhstan.

Hapo tunafika kwenye fundo lenyewe, ambalo hata watu wa miaka mingi ofisini unakuta wanalichanganya: kumaliza operesheni na kufuta operesheni. Kumaliza ni tendo la lori. Lori likifikishwa pamoja na mzigo na kitabu mbele ya ofisi ya kutokea au ya kufikia, afisa akagonga muhuri, operesheni imemalizwa. Kufuta ni tendo la forodha, linafanyika baadaye nyuma ya pazia, wanalinganisha taarifa za ofisi ya kuingilia na za kutokea, wakiona zinakubaliana wanaikubali kwamba imemalizwa sawasawa, faili linafungwa. Dereva anaona kumaliza kwa macho yake, kufuta hakuoni. Na dhamana inapumzika pale kwenye kufuta, sio kwenye kumaliza. Ndo maana kampuni inaweza kupata barua miezi mingi baadaye kuhusu safari ambayo dereva anaapa ilikwisha salama, na anaweza kuwa sahihi kabisa, pengine vocha ilipotea kati ya ofisi mbili. Sasa unafanyaje? Unatoa kile kipande kilichobaki kwenye kitabu, chenye muhuri na tarehe. Kampuni inayotunza nakala zake inajibu barua hiyo asubuhi moja, isiyotunza inaanza kumpigia dereva aliyeshaacha kazi.

Kuna kumaliza na walakini pia. Afisa akikuta sili ina kasoro au mzigo umepungua, anaweza kumaliza operesheni huku ameandika walakini wake kitabuni. Dereva akiona ameshagongewa muhuri anashukuru anaondoka, hajasoma kilichoandikwa pembeni. Kile kilichoandikwa pembeni ndo mwanzo wa dai. Kama kuna kitu kimoja tu utamfundisha dereva kutoka kwenye hii kozi, basi kiwe kusoma karatasi kabla ya kuwasha gari.

Kitu kingine cha kuondoa kichwani ni hii dhana kwamba TIR ni pasi ya kila kitu. Inahusu forodha tu. Viza ya dereva haimo, vibali vya barabara havimo, uzito wa ekseli na tozo za barabara havimo, na nchi bado inaweza kuzuia au kukagua mzigo kwa sababu za afya, usalama au magonjwa ya mimea na mifugo. Hata forodha yenyewe hairuhusiwi tu kufumba macho, wakiwa na shaka ya udanganyifu wanafungua, ila kwa kawaida hawafungui, na ukaguzi wa njiani ukifanyika sili mpya inafungwa na inaandikwa kitabuni.

Turudi kwenye kozi. Wapo wanaouliza kwani ni lazima, si kijana wa ofisini anajua kujaza fomu. Mkataba wenyewe, kwenye kiambatisho cha 9, unaweka masharti ya mtu kuruhusiwa kutumia vitabu: awe na uzoefu au angalau uwezo wa kufanya usafirishaji wa kimataifa wa mara kwa mara, hali yake ya fedha iwe nzuri, awe na ujuzi uliothibitishwa wa kuutumia mkataba, asiwe na makosa makubwa au ya kurudiarudia ya forodha na kodi, na asaini ahadi ya maandishi kwa chama chake. Ujuzi uliothibitishwa uko kwenye mstari mmoja na hali ya fedha, wala haujawekwa pale kama pambo. Na ukizingatia mnyororo wa dhamana inaeleweka, chama kinakubali kulipa kwa niaba yako, lazima kijue hujaokota kitabu barabarani.

Ubaya wa kozi ya kujisomea ni kwamba inakuachia wewe uamuzi wa lini umeelewa, na binadamu huwa anajionea huruma. Unabonyeza endelea, endelea, kwizi inakuruhusu kurudia mpaka upate, cheti kinatoka, na bado ukipewa kitabu kitupu huwezi kukijaza. Nilivyoona mimi dawa yake ni kuacha skrini. Tafuta sampuli ya kitabu cha TIR, chapa, chukua safari ya kubuni ya nchi tatu, ijaze vocha kwa mkono, chana unapotakiwa kuchana, mpe mwenzako awe afisa wa mpakani anayekataa kila kitu. Ukifanya hivyo mara mbili utajua moduli ya vocha kuliko aliyeitazama video mara saba. Somo la gari lifanyie uwanjani, simama nyuma ya trela halisi ujiulize ningekuwa mwizi ningepitia wapi.

Na usiishie kwenye slaidi. Kitabu cha mwongozo cha TIR kinachotolewa na UNECE kinapatikana bure mtandaoni, ndani yake kuna mkataba wote. Ukikisoma utaona aina mbili za nyongeza chini ya vifungu na hapa wanafunzi wanateleza sana: maelezo ya ufafanuzi ni sehemu ya mkataba, yamo kwenye kiambatisho cha 6, wakati yale maoni mengine ni ushauri tu wa namna ya kutekeleza, hayafungi nchi kisheria. Ukibishana na afisa mpakani jua unamnukulia kipi.

Kama kozi yako ni ya zamani angalia inasemaje kuhusu eTIR. Kiambatisho cha 11, kinachoruhusu safari ya TIR bila karatasi, kilianza kufanya kazi tarehe 25 Mei 2021. Wazo ni kwamba taarifa zinasafiri kwenye kompyuta kati ya forodha na forodha badala ya kuchanwa vocha, kwa hiyo kufuta operesheni hakutegemei tena karatasi isipotee. Ila nchi zinaingia kwa awamu, karatasi bado ipo, na maswali ni yaleyale, gari lilifungwa na nani, liko wapi, nani analipa. Anayesema usijisumbue na vocha kwa sababu kila kitu kinaenda kidijitali, muulize lori lake la kesho linapita mpaka gani.

La mwisho ni dereva, maana kozi mara nyingi inafanywa na mtu wa ofisini wakati kitabu kinashikwa na mtu wa barabarani. Saa nane usiku trela limegongwa nyuma, mlango umepinda, sili imekatika. Akifunga mlango kwa waya akaendelea, mpakani sili haipo na hana la kueleza, na hapo hata kama hakuna hata katoni moja iliyopungua ameshaipa forodha sababu. Anachotakiwa kufanya ni kuwatafuta forodha walio karibu, wakikosekana basi mamlaka nyingine yoyote inayohusika, polisi kwa mfano, na wao ndo wanajaza ile taarifa ya ajali iliyomo kwenye kitabu chenyewe: nini kimetokea, sili zikoje, mzigo ukoje, umehamishiwa gari lipi kama umehamishwa. Mzigo ukihamishiwa gari lingine afanye hivyo mbele yao, labda iwe ni hatari ya papo hapo kama moto, hapo aokoe kwanza afu awatafute. Ile fomu iko kwenye kurasa za nyuma za kitabu, na madereva wengi hawajawahi kuifungua. Mwonyeshe ilipo kabla hajatoka getini.